Mwalimu mgeni, lugha ngeni

Kuna swali ambalo nimelijibu mara nyingi hapa kitivoni hata nimeona heri nilijibu kwa maandishi. Wenzangu wakisikia kwamba nilikaa Kampala karibu miaka miwili nikifundisha Kiingereza watoto wa miaka mitatu hadi sita, huuliza: "Wewe mtu wa Bukavu, uliyesomeshwa kwa Kifaransa, ulikwenda kuwafundisha Waganda Kiingereza?" Swali lina kicheko ndani yake, nami silichukii. Ila jibu lake si fupi, maana nilichojifunza kule hakihusu Kiingereza peke yake. Kinahusu Kiswahili chetu, na kinahusu kitu ambacho mtoto anaweza kukipoteza wakati ule ule ambapo wazazi wake wanafurahi kwamba amepata kingine.

Nianze na namna nilivyopata kazi. Nilifika Kampala mwanzoni mwa mwaka 2022, kwa mama mdogo wangu ambaye anaishi upande wa Nsambya tangu zamani. Januari ya mwaka huo shule za Uganda zilikuwa ndiyo kwanza zinafunguliwa, baada ya kufungwa kwa karibu miaka miwili kwa ajili ya Korona. Watoto waliotakiwa kuanza shule mwaka 2020 walikuwa wamekulia nyumbani. Walimu wengi wa shule binafsi walikuwa wamekwisha kutafuta riziki kwingine, huyu kwenye pikipiki, yule kwenye duka la simu, na hawakurudi wote. Shule ndogo za mtaani zilikuwa zinatafuta watu.

Shule za watoto wadogo, zile tunazoziita maternelle, kule karibu zote ni za watu binafsi. Nyumba ya kupanga yenye ua na choo, ikipakwa rangi na kuchorwa twiga na samaki ukutani, huwa shule. Ina madarasa matatu: "baby", "middle" na "top". Mwaka huo hesabu za umri zilivurugika. Katika "baby" nilikuwa na watoto wa miaka mitatu wanaolilia mama zao, na kando yao watoto wa miaka sita ambao hawajawahi kushika kalamu.

Mwalimu mkuu, mama mmoja wa Kiganda mwenye akili ya biashara na huruma pamoja, hakutazama sana karatasi zangu za Idara ya Kiingereza. Aliniuliza kama nasema Kiswahili. Mtaa ule una Wakongomani wengi, na kila asubuhi langoni kwake walisimama akina mama wa Uvira, wa Bukavu, wa Goma, wasiojua Kiganda wala Kiingereza, wakitaka kueleza kwamba mtoto amelala na homa au kwamba karo italipwa wiki ijayo. Alihitaji mtu wa kusikilizana nao. Basi nikaajiriwa kuwa mwalimu wa Kiingereza kwa sababu ya Kiswahili changu.

Siku ile ile akanionyesha karatasi ya manila iliyobandikwa kwenye baraza. Iliandikwa kwa herufi kubwa kwamba kuanzia langoni ni Kiingereza tu. Kwa hiyo lugha iliyonipa kazi ndiyo niliyokatazwa kuitumia nikiwa kazini.

Wasomaji wasidhani kwamba sheria ile ilikuwa kichaa cha mtu mmoja. Tangu mwaka 2007 mtaala wa Uganda unataka watoto wa miaka mitatu ya kwanza ya shule ya msingi wafundishwe kwa lugha ya mahali pao, na Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia kuanzia mwaka wa nne. Lakini mjini Kampala, ambapo darasa moja lina watoto wa lugha saba, Kiingereza huanza siku ya kwanza. Mtihani wa mwisho wa shule ya msingi ni kwa Kiingereza. Na mzazi mkimbizi ana sababu zake za zaidi. Uganda inamruhusu kufanya kazi na kutembea apendapo, na mtoto wake anaweza kuingia shule ya serikali, ila kila mlango wa ofisi na wa zahanati anaukuta una Kiingereza mbele yake. Wengine wanangoja miaka na miaka kupelekwa Marekani, Canada au Australia. Kwao Kiingereza cha mtoto ni akiba ya familia nzima. Sijawahi kumcheka mzazi wa namna hiyo, na sitaanza leo.

Kazi yenyewe ya kufundisha ilinipendeza kuliko nilivyotazamia. Tunaposoma fonolojia hapa darasani huwa ni jedwali ubaoni. Kule niliiona katika vinywa vya watoto. Kiswahili na Kiganda zote mbili ni lugha zinazopenda kumaliza neno kwa irabu. Mtoto ukimpa "cup" anakurudishia "kapu", na kwa Kiswahili sanifu hicho ni chombo kingine kabisa. "Dog" inakuwa "dogi", "bed" inakuwa "bedi". Kuwaambia "msiongeze irabu" ni kazi bure, mtoto wa miaka minne hajui irabu ni nini. Tulifanya mchezo wa mlango: kila mtu anaweka kidole mbele ya midomo, anasema "cup", na mwishoni anafunga mlango asiufungue mpaka nipige makofi. Watoto arobaini wenye midomo iliyofungwa na macho makubwa! Ndani ya wiki mbili irabu ya ziada ilianza kupungua.

Watoto waliokuwa wameonja maternelle kwetu walikuwa na shida nyingine. Walifika wakijua alfabeti, lakini ya Kifaransa. Ukiwaonyesha I wanasema "i", nao wana haki, kwa Kifaransa ndivyo na kwa Kiswahili ndivyo. Kwa Kiingereza jina hilo ni la herufi E, na I yenyewe inaitwa "ai". G na J ndizo ziliwachosha zaidi, kwa kuwa jina la herufi moja kwa Kifaransa linakaribia sana jina la ile nyingine kwa Kiingereza. Mwalimu asiyejua Kifaransa angeandika katika daftari la mtoto kwamba hajui herufi. Mimi niliona mtoto anayejua herufi zote, ila amezisoma nchi nyingine. Nikaacha majina ya herufi kwa miezi michache nikafundisha sauti zake tu, ambapo hakuna ugomvi mkubwa.

Wenzangu Waganda nao walikuwa na zao. Katika Kiganda sauti ya r huja baada ya e na i, na kwingine huwa l. Ndiyo maana "rice" na "lice", yaani mchele na chawa, zinaweza kutoka kinywa kimoja kwa sauti moja. Nao walinicheka mimi kwa h zangu, ambazo Kifaransa kilikuwa kimezila. Tulisahihishana wakati wa uji, saa nne asubuhi, bila mtu kuona haya. Hakuna kati yetu aliyezaliwa na Kiingereza, na nadhani hilo lilitusaidia. Tulikumbuka sote namna neno linavyokataa kutoka.

Kiingereza cha Uganda chenyewe kilinifundisha heshima. Ukimkuta mtu anafua au analima, unamwambia "Well done", naye anajibu "Thank you". Mara ya kwanza nilidhani nasifiwa kwa kufagia vizuri. Kumbe ni salamu ya Kiganda, "gyebale", iliyovaa nguo za Kiingereza, nayo ni ndugu wa "pole na kazi" yetu. Vivyo hivyo "sorry". Vitabu vyetu vinasema neno hilo ni la aliyekosa. Kampala ukijikwaa barabarani, watu watatu ambao hawakukugusa watakuambia "sorry", kwa sababu wanasema pole. Watu wa kule hawakungoja ruhusa ya kamusi kuingiza adabu zao ndani ya lugha ya kuazima.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike.

Ngũgĩ wa Thiong'o, katika kitabu chake *Decolonising the Mind* cha mwaka 1986, anaeleza jinsi wanafunzi wa wakati wake nchini Kenya walivyoadhibiwa wakikutwa wakisema Kigikuyu shuleni: fimbo, au kuvishwa kibao shingoni. Shuleni kwetu hakuna aliyepigwa kwa ajili ya lugha. Watoto walikuwa wadogo mno, na mwalimu mkuu hakupenda fimbo. Sheria ilifanya kazi kwa njia nyingine. Mtoto akisema kwa lugha ya nyumbani, hakujibiwa. Mwalimu alijifanya hakusikia. Mtoto anasimama na kikombe chake cha plastiki, anasema ana kiu, na mtu mzima anatazama juu ya kichwa chake mpaka aseme "water".

Mimi sikufuata njia hiyo, na sikuhitaji kuvunja sheria ili niiache. Mtoto akiniambia "Madame, niko na kiu," nilimjibu papo hapo kwa Kiingereza, kwamba anataka maji, haya maji, kunywa maji, huku nikimimina. Neno la Kiingereza alilipata mara tatu, na maji akayapata. Alijua kwamba amesikika. Walimu wa lugha tunajua kwamba mtoto hujifunza lugha ya pili kwa kuelewa kwanza na kusema baadaye, na kwamba wengine hupita kipindi kirefu cha kimya kabla ya neno la kwanza. Kimya cha namna hiyo ni cha kazi. Mtoto anakusanya.

Lakini kuna kimya kingine. Katika darasa langu alikuwapo msichana wa miaka mitano, familia yake ilitoka Uvira. Jina lake siandiki. Miezi mitatu hakusema neno kwa lugha yoyote. Alifuata michezo yote, alifunga mlango wa mdomo pamoja na wengine, alipanga vifuniko vya soda kumi kwa kumi bila kukosea. Hilo halikunitisha. Kilichonitisha ni kwamba hata wakati wa kucheza uani, pamoja na wasichana wengine wa Kikongomani waliokuwa wakinong'onezana Kiswahili, hakunong'ona.

Nilipomwona mama yake langoni nikamuuliza mtoto anasema nini nyumbani. Alitazama chini, kisha akanijibu kwa Kiswahili chetu cha kule:

"Madame, mulituambia tuseme naye Kiingereza ku nyumba. Mimi sikijue. Basi ninanyamaza tu."

Nilimwomba arudie. Akaeleza kwamba mwanzoni mwa muhula, kabla mimi sijaajiriwa, wazazi waliitwa mkutanoni, wakaambiwa kwamba Kiswahili cha nyumbani kinachelewesha Kiingereza cha shuleni, na mzazi anayempenda mtoto wake amsaidie kwa kusema naye Kiingereza. Yule mama alikuwa na maneno sita au saba. Alimwambia mtoto "come", "eat", "sleep". Hadithi alizokuwa akimsimulia usiku aliziacha. Kumuuliza umeota nini, nani amekupiga, unaumwa wapi, aliacha. Alikuwa mzazi mtiifu kuliko wote, na kwa utii wake nyumba yao ya chumba kimoja ilikuwa imenyamaza.

Nilimwambia: "Mama, kuanzia leo sema naye Kiswahili. Sema naye kingi. Msimulie, mwimbie, mgombeze kwa Kiswahili. Kiingereza niachie mimi, ndiyo kazi ninayolipwa." Aliuliza kama mwalimu mkuu anajua. Nikasema nitakwenda kumwambia.

Mazungumzo yale na mwalimu mkuu hayakuwa mepesi. Mimi nilikuwa mgeni nchini mwake, mwajiriwa wa miezi michache. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema jambo ambalo sikuweza kulikana: wazazi wanalipa ili wasikie Kiingereza. Wakipita langoni wakasikia Kiswahili, watamhamishia mtoto shule ya jirani, na yeye ana kodi ya nyumba. Akaongeza kwamba yeye mwenyewe alilelewa hivyo, na tazama, anasema Kiingereza kizuri.

Nikamuuliza alijifunza wapi kuhesabu. Akacheka. Kwa bibi yake, Masaka, kwa Kiganda, wakihesabu ndizi. Nikasema basi, alipofika shule hakujifunza kuhesabu mara ya pili, alijifunza majina mapya ya kitu alichokwisha kukijua. Mtoto ambaye nyumbani hakuna anayemwambia chochote atafika kwetu na majina mapya, lakini majina ya nini?

Hakuniahidi kitu siku hiyo. Wiki iliyofuata alikubali mambo mawili. Darasani sheria ibaki, lakini uani watoto wacheze kwa lugha wanayotaka. Na katika mkutano wa wazazi wa muhula wa pili mimi ndiye nizungumze na Wakongomani, niwaambie kwa jina la shule kwamba nyumbani waseme lugha yao. Karatasi ya manila ilibaki barazani. Nadhani hadi leo ipo.

Mkutano ule nao ulikuwa na upinzani wake. Baba mmoja alisimama akasema mimi nimekwisha kupata Kiingereza changu, sasa nataka kuwafungia wengine mlango. Nilimwelewa. Mtu aliyeacha nyumba, mashamba na ndugu, ukimwambia ashikilie lugha, anaweza kusikia kwamba unamwambia abaki alipo. Nilimjibu kwamba sikupunguza hata dakika moja ya Kiingereza shuleni. Nilichoomba ni kwamba mtoto asikose mtu wa kuzungumza naye kuanzia saa kumi jioni hadi asubuhi. Sijui kama aliridhika, lakini mtoto wake hakumtoa.

Mwezi Julai wa mwaka huo huo, tarehe 7, dunia iliadhimisha kwa mara ya kwanza Siku ya Kiswahili iliyotangazwa na UNESCO. Wiki ile ile baraza la mawaziri la Uganda lilipitisha kwamba Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Katiba yao ilikifanya lugha rasmi ya pili tangu mabadiliko ya mwaka 2005, na kabla ya hapo, mwaka 1973, Idi Amin alikuwa amekitangaza kuwa lugha ya taifa, jambo ambalo limewaachia Waganda wengi kumbukumbu ya lugha ya askari. Mwalimu mkuu alisikia habari kwenye redio akaniita. "Teacher," akasema, "sasa itabidi unifundishe mimi." Tulianza na salamu. Alishangaa kuona kwamba nusu ya maneno alikuwa anayajua tayari kwa sababu ya Kiganda: kusoma, mtu, tatu.

Yule msichana alianza kusema uani kwanza, kwa Kiswahili, siku chache kabla ya likizo ya Agosti. Neno lake la kwanza la Kiingereza lilikuja muhula wa tatu. Nilikuwa nimebeba sanduku la vifuniko vya soda, nikajikwaa kwenye mkeka, vifuniko vikamwagika chumba kizima. Wengine walicheka. Yeye aliinuka, akaja mpaka nilipokuwa, akasema: "Sorry, Teacher." Kitabu cha sarufi kingesema ametumia neno pasipo mahali pake, maana hakuwa amekosa lolote. Lakini alikuwa amesema pole. Alikuwa na pole tayari, aliyoisikia tena nyumbani, na alitafuta chombo cha kuibebea.

Nimerudi Bukavu, na naona mabango ya shule zinazotangaza Kiingereza kwa watoto wa miaka mitatu. Tangu nchi yetu ilipotia sahihi mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, Aprili 2022, wazazi wana sababu mpya ya kukitaka, na sisi wa Idara ya Kiingereza tutapata kazi. Nafurahi. Lakini Katiba yetu ya 2006, katika ibara ya kwanza, inataja lugha nne za taifa, na Kiswahili ni mojawapo. Sheria ya elimu ya mwaka 2014 inazipa lugha hizo nafasi ya kufundishia. Sisi tumezoea kuona Kifaransa kikikaa juu yao darasani. Kiingereza kikija kukaa juu ya Kifaransa, mtoto wa Kadutu au wa Bagira atafika shuleni akiwa na lugha mbili za kumnyamazisha.

Kwa wenzangu watakaofundisha watoto wadogo, hapa au ugenini, nina maombi machache ya kazi. Mtoto akisema nawe kwa lugha ya nyumbani, mjibu, hata kama unamjibu kwa Kiingereza. Kabla hujasema kwamba hajui herufi, uliza alizisoma wapi. Na unapokutana na mzazi, mwambie wazi kwamba kazi yake si kufundisha Kiingereza asichokijua, kazi yake ni kuzungumza na mwanawe. Katika masomo yetu ya didaktiki tunajifunza kupanga somo, kutunga mtihani na kusahihisha. Saa moja ya kujifunza namna ya kuzungumza na mama langoni haimo katika programu. Ningependa wakubwa wa kitivo waiongeze, na mwaka ujao niko tayari kuja kusaidia kuifundisha.